Viatu vya Kibanda

Kuna watu ambao kazi yao huwaingia mpaka kwenye mifupa, na Mzee Ziba alikuwa mmoja wao. Alikuwa fundi bomba tangu ujana mpaka alipostaafu, na jina hilo la Ziba hakupewa na wazazi wake. Majirani ndio waliompa, kwa sababu hakuweza kuona tundu akalipita. Ukimwalika chai, aliinuka katikati ya mazungumzo akakaza bomba la jikoni kwako. Siku ya harusi ya binti yake mwenyewe alitafutwa kwa ajili ya picha, akakutwa amelala chali chini ya sinki la ukumbi, na suti yake mpya. Ukimuuliza sababu, jibu lilikuwa moja: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Alilisema neno hilo kama wengine wanavyosema habari za asubuhi.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na bustani ndogo, na katikati ya bustani kibanda cha kupumzikia: nguzo sita za mbao, paa la bati lenye pembe sita, sakafu ya saruji, na ukingo wa kufika kiunoni uliozunguka pande zote isipokuwa mlangoni. Kila nguzo ilisimama ndani ya kikombe cha chuma kilichofungwa sakafuni, na kikombe hicho mafundi hukiita kiatu. Watoto walipokuwa wadogo walilalamika kwamba kibanda kina viatu vingi kuliko wao.

Siku hizi kibanda hakikuwa tena cha kuchezea. Mwaka uliotangulia mke wa Mzee Ziba alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, mkono ukawa wa kupakatwa tu, na mguu ukawa unamfuata nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Ulimi ulirudi wote, na ukali wake haukupungua hata chembe. Jambo alilokataa katakata ni kulala chumbani mchana. "Mkinizoeza kitanda," alimwambia daktari, "mtanizika bila kujua kama nimekufa." Basi kila asubuhi mumewe alimshika kwapani, wakajikongoja mpaka kibandani, akaketi kwenye kiti chake kifupi cha henzirani kando ya nguzo ya mlangoni, kikapu cha nyuzi miguuni, na hapo alikaa mpaka jua lipunge. Alifuma kwa mkono mmoja na nusu, kitu kirefu ambacho hakuna aliyethubutu kuuliza kitakuwa nini. Aliona lango, alipokea wageni, aligombana na kuku wa jirani. Kibandani alikuwa mtu. Chumbani alikuwa mgonjwa, na hilo kila mtu nyumbani alilijua, mumewe kuliko wote.

Mvua zilipokaribia, Mzee Ziba akaanza kazi yake ya kila mwaka. Alipanda ngazi akakagua misumari ya paa. Misumari ile huvaa kofia ndogo za mpira, na jua huzikausha zikapasuka, maji yakapata pa kupenyea, hivyo alizibadilisha moja baada ya nyingine, akiisema kila iliyopasuka. Alikata maua yanayotambaa yaliyokuwa yamekumbatia nguzo, maana mmea ukikumbatia mbao hauzipi nafasi ya kukauka. Akapiga msasa, akafuta vumbi, akapaka vanishi. Mwisho kabisa ilikuja sehemu aliyoipenda, ya silikoni. Huzunguka na mrija wake akiziba kila ufa, kisha hupiga magoti mbele ya kila kiatu. Pale chini, upande wa nje, mbao na chuma havikugusana. Kulikuwa na mwanya mwembamba, unene wa penseli, tangu siku kibanda kilipojengwa. Kila mwaka aliuziba. Na kila mwaka alipokuja tena aliikuta silikoni imetoka, mwanya uko wazi unamcheka.

Jambo hilo lilikuwa limemsumbua miaka mingi. Alibadilisha maduka. Alilaumu jua, akalaumu sisimizi, akalaumu panya, akalaumu viwanda vya siku hizi vinavyouza maji kwenye mrija. Alikuwa akimweleza mkewe jioni, naye alisikiliza kwa makini, akasema, "Pole. Labda mwaka huu itashika."

Na mwaka huu ilikuwa imeshika. Mzee Ziba aliinama mbele ya kiatu cha kwanza, upande wa nyuma, akaikuta silikoni ya mwaka jana palepale, nzima, inang'aa. Cha pili vilevile. Alifurahi kupita kiasi. Akapiga kelele kutoka kule nyuma, "Mama watoto, imeshika," na mkewe akajibu "Hongera" kwa sauti ndogo, bila kugeuka.

Ilibaki kukwangua vanishi kidogo chini ya nguzo ili ya mwaka huu ishike vizuri. Alitumia ncha ya bisibisi, na bisibisi ikaingia. Haikuingia kwa nguvu. Ilizama kama kisu kwenye ndizi iliyoiva, mpaka mpini. Alipoichomoa, yakafuata maji meusi yenye harufu ya uvundo.

Akaenda kwenye nguzo ya pili, kisha ya tatu. Alijaribu tano, na zote tano zilikuwa zimeoza kuanzia ndani ya kiatu kwenda juu, kiasi cha shubiri. Ya sita, ile ya mlangoni, hakuijaribu, kwa sababu mkewe alikuwa ameketi pembeni yake na hakutaka ajue.

Mtu mwingine angeita watu. Mzee Ziba alichanganya gundi na vumbi la mbao, akajaza mashimo, akasawazisha, akapaka rangi. Kikawa kibanda kizuri ajabu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na hapa hata hicho kipande cha mti hakikuwepo. Alijua anachofanya ni upuuzi. Alifanya kwa sababu alimjua mtu pekee anayeweza kukitibu kibanda kile, na hakutaka kumwita.

Mtu huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, seremala, ndiye aliyekijenga. Wawili hao zamani walikuwa mashemeji kwelikweli, wa kutaniana mpaka watu wa pembeni wanashika mbavu. Kibanda kilipokamilika mvua ya kwanza ikanyesha, na Mzee Ziba akaona maji yakichuruzika kutoka kwenye viatu. Kesho yake akaziba. Seremala alipokuja, akazibua. Akaziba tena. Seremala akamwambia, "Kibanda si bomba, shemeji. Kibanda kinapumua." Mzee Ziba akajibu, "Kikitaka kupumua, kikakohoe kwako." Ulikuwa utani. Lakini kulikuwa na watu, na watu walicheka upande mmoja tu. Seremala akakusanya vifaa vyake akaondoka bila kumaliza chai. Tangu hapo walikutana misibani na harusini, wakapeana mikono, wakaulizana hali ya hewa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Binti yao mkubwa alikuja mwisho wa wiki kumwona mama yake, akaegemea nguzo ya nyuma akizungumza kwa simu, na rangi mpya ikabonyea alipoigusa kwa ncha ya kiatu alichovaa. Akainama. Akachokoa kwa kidole, na kidole kikaingia.

"Baba," alisema, "hiki kitu kitamwangukia mama."

"Nitakitengeneza."

"Umeshakitengeneza. Nanusa rangi mpaka hapa." Hakuwa mkorofi, alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na haki. "Jumamosi nakuja na fundi tukibomoe kabla ya mvua. Mama atakaa sebuleni, dirishani. Tutamwekea mto mzuri."

Dirisha la sebuleni lilitazama ukuta wa jirani. Ukuta mtupu, wa kijivu, karibu kiasi cha kuweza kuugusa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa pale pale anasikia, maana watu husahau kwamba kiharusi hakizibi masikio. "Nitakaa na ukuta," alisema. "Sawa. Mimi na ukuta tutaongea nini?"

Binti akamshika bega. "Mama, bora ukuta kuliko paa kichwani."

"Hapo umesema kweli," alijibu mama yake, bila kubisha, na Mzee Ziba akamgeukia. Mke wake asipobisha, mambo yameharibika.

Binti alipoondoka wakabaki wawili. Mkewe aliendelea kufuma. "Mwite ndugu yangu," alisema.

"Ndugu yako ana kazi zake."

"Na wewe una kiburi chako. Kipi kizito?"

Mzee Ziba aliinuka. Alikwenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu, akavaa viatu vya kutokea, akatoka.

Karakana ya seremala ilikuwa mtaa wa pili, banda refu lenye mlango wa kukunja. Sakafu ilijaa maranda mpaka ukitembea huisikii miguu yako. Seremala alikuwa amekiinamia kipande cha mlango, anapiga randa. Mzee Ziba akasimama mlangoni akabisha hodi.

Seremala akainua macho. Akaweka randa chini taratibu. "Shemeji," alisema. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa. Kibanda kinaumwa."

Seremala akalirudia randa lake, akalisukuma mara moja, likatoa ukanda mrefu wa mbao ulioviringika. "Umeziba?"

"Nimeziba."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Mbona kimekaa miaka yote hii? Kingekuwa kimeshalala zamani." Lilikuwa swali la kweli. Lakini Mzee Ziba alikuja na habari ya Jumamosi, ya dirisha na ya ukuta, akaieleza yote amesimama palepale, na alipofika kwenye maneno "mimi na ukuta tutaongea nini," akageuza neno la mwisho kuwa kikohozi.

"Nilidhani kikohozi ni cha kwangu," alisema seremala. Wakatazamana. Hakucheka hata mmoja, lakini seremala alikuwa ameshaanza kutafuta jeki za gari chini ya meza.

Alikuja kesho yake na mbao zilizokauka vizuri, msumeno, boliti na jeki. Alimsalimu dada yake kwanza, akaketi kwenye ukingo akasemwa kwa kukonda, akasemwa kwa kupotea, akakubali yote. Kisha akaanza. Kazi yenyewe haikuwa ya miujiza. Unaweka gogo na jeki chini ya boriti, unainua paa kiasi cha unywele tu, nguzo inabaki inaning'inia. Unaikata juu ya sehemu iliyooza, kwa mkato wa mshazari, sio wa bapa. Unaiunga mguu mpya uliokatwa mshazari vilevile, unatoboa, unapitisha boliti mbili, unaishusha. Mzee Ziba alikuwa msaidizi wake. Alipewa kazi ya kupiga jeki na kunyamaza, na aliimudu ya kwanza.

"Lakini nilizuia maji," alisema waliposhusha nguzo ya pili. "Yameingiaje?"

"Hayakuingilia chini." Seremala alimwonyesha ufa mwembamba juu kabisa, karibu na paa, usioonekana kwa mtu aliye chini. "Mbao ni mbao. Jua likiwaka zinapasuka, mvua ikija zinakunywa. Utaziba hapa, zitapasuka pale. Maji yanashuka ndani polepole mpaka kwenye kiatu, yanatafuta mlango. Mlango nilioweka mimi, ndio ule ulioufunga wewe. Yakabaki humo humo. Bomba linataka maji yasitoke, shemeji. Nguzo inataka yatoke."

Mzee Ziba alitazama mrija wa silikoni uliolala kwenye nyasi. Maisha yake yote aliamini kuna aina moja tu ya ufa.

Walipomaliza ya tano, wakamhamisha mgonjwa na kiti chake ili waifikie ya mlangoni. Seremala akachukua bisibisi akaichoma chini. Ikagoma. Akapiga kwa mpini, ikalia ko, mlio wa mbao kavu. Akachoma tena upande wa pili, ikagoma tena. Nguzo ilikuwa nzima kama siku ya kwanza.

Akalala kifudifudi akachungulia kiatu. Mwanya ulikuwa wazi. Kando yake, sakafuni, kulikuwa na punje punje za silikoni kavu, na kwenye chuma michirizi myembamba, mingine ya zamani imeshika kutu, mingine mipya inang'aa. Alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. Akainuka akaketi, akamtazama dada yake, ambaye wakati huo alikuwa anamtazama kuku wa jirani kwa bidii kubwa.

"Dada," alisema, "kwa mkono gani?"

"Wa kushoto. Wa kulia si unauona mwenyewe."

Mzee Ziba alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Ndipo macho yake yakaanguka kwenye kikapu cha nyuzi. Sindano moja ya kufumia ilikuwa imepinda nchani, na ile ncha ilikuwa na utando mweupe ulioganda. Aliufahamu utando ule. Alikuwa ameununua kwenye kila duka la mji.

"Kila ukimaliza kuziba unakwenda kuoga," alisema mkewe. "Mimi nafagia kibanda."

Ni kweli. Alikuwa akikifagia mwenyewe, miaka nenda miaka rudi. Watoto walikatazwa, wageni wa kujipendekeza walinyang'anywa ufagio. Wote walidhani ni usafi.

"Lakini nilikuwa nakulalamikia," alisema Mzee Ziba. "Nakulalamikia panya. Nakulalamikia kiwanda. Unaniambia pole."

"Nilikuwa nakuonea huruma."

"Kwa nini hukuniambia?"

Aliweka ufumaji wake mapajani. "Ningekwambia, ungesema nimeshika upande wa ndugu yangu. Ningemwambia yeye akusamehe, angesema nimeshika upande wa mume wangu. Nikaona nishike upande wa kibanda." Akalainisha sauti. "Mwaka huu nilifikia kimoja tu. Hivi vingine nilivitazama. Nilijaribu kushuka kwenye kiti siku moja mlipokuwa ndani, nikakaa chini muda mrefu kabla sijaweza kupanda."

Mzee Ziba aliketi kwenye sakafu ya saruji, kando ya kiti cha mkewe. Walipotoka hospitali alijua kila kitu ambacho ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya mkewe. Vifungo, alimfungia yeye. Chungu, alikiinua yeye. Nywele, alijifunza kuzichana, vibaya. Alijiona ni mume asiyeacha pengo. Kumbe kulikuwa na kazi moja ambayo mkewe alikuwa akiifanya kwa siri, kazi iliyoshikilia paa juu ya vichwa vyao, na ilipomshinda hakukuwa na wa kumpokea. Yeye alikuwa amepiga kelele kwa furaha kwamba silikoni imeshika, naye akamwambia hongera. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa na mapenzi mengi ndani yake kiasi kwamba hakujua aangalie wapi.

Seremala alijifanya anakusanya boliti.

Jumamosi binti alikuja na fundi wa kubomoa. Alimkuta mjomba wake kibandani, akamwamkia shikamoo kwa mshangao, akatingisha nguzo zote, akakanyaga chini ya kila moja. Fundi wa kubomoa alipewa chai akarudi kwake. Mvua ikaanza kabla chai haijapoa.

Ilikuwa mvua ya kwanza, ya haraka, nzito juu ya bati. Wote wanne wakakaa ndani ya kibanda wakisubiri. Baada ya muda maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye viatu, michirizi miembamba inayotambaa kuelekea nyasini. Mzee Ziba aliitazama akasikia vidole vinamwasha. Akaviweka chini ya mapaja akavikalia.

"Usiangalie," alisema mkewe.

"Siangalii."

Lakini aliangalia, na kwa kuangalia akaona kwamba kiatu kimoja cha upande wa nyuma kilikuwa kikavu. Labda vumbi la msumeno lilikuwa limeganda kwenye mwanya. Alimwambia seremala, na seremala akanyoosha mkono kuchukua bisibisi, ila dada yake alikuwa ameshachomoa sindano kwenye nyuzi. Hakumpa ndugu yake. Alimpa mumewe.

Mzee Ziba akapiga magoti mvuani, na suruali yake ya kutokea, akaingiza ncha kwenye mwanya.

"Kushoto kidogo," alisema mkewe kutoka kwenye kiti. "Polepole. Usichokoe kama unazibua choo."

Akaenda kushoto kidogo, akachokoa polepole. Kitu kikaachia. Maji yakammwagikia vidoleni, machache kwanza, yenye vumbi, kisha meupe. Akabaki pale amepiga magoti, mgongo unalowa.

"Yametoka?" aliuliza mkewe.

"Yametoka."

"Basi njoo ukae."